Kosa Lisilo na Mkosaji

Katika lugha yetu neno "kosa" halitembei peke yake. Likitajwa tu, watu hugeuka kumtafuta mkosaji. Hesabu za ushirika zikipotea, yupo karani. Ng'ombe akiingia katika mahindi ya watu, yupo mchungaji aliyelala. Hata mvua ikichelewa hapa Ufipa, hawakosi watakaouliza ni nani kaifunga. Nimesahihisha madaftari ya watoto kwa wino mwekundu kwa zaidi ya miaka thelathini, nami najua jinsi wino ule unavyomwendea mwenye daftari moja kwa moja. Ndiyo maana naona ni jambo la kufikiriwa kwamba wataalamu wa elimu ya viumbe, walipotaka kutueleza mabadiliko yanayotokea ndani ya vinasaba vyetu, walichukua neno hilohilo. Walisema ni makosa ya kunakili. Basi najiuliza: je, laweza kuwapo kosa ambalo halina mkosaji? Na kama lipo, deni lake alipe nani?

Si swali la kupotezea wakati. Katika mkoa wetu wa Rukwa wamekuwapo watu waliolijibu kwa panga.

Lakini kwanza msomaji wangu anivumilie nieleze jambo lenyewe, maana tukilijadili bila kulijua tutakuwa tunapiga ngoma gizani.

Ndani ya kila seli ya mwili kuna maandishi marefu yaitwayo DNA. Yameandikwa kwa herufi nne tu, ambazo wataalamu huziita A, T, G na C, na zimepangwa katika nyuzi mbili zilizosokotana kama kamba. Palipo na A katika uzi mmoja, mkabala wake pana T. Palipo na G, mkabala wake pana C. Hayo yalifahamika mwaka 1953 kwa kazi ya Watson na Crick, wakitumia pia picha za Rosalind Franklin. Mtu hupata herufi kama bilioni 3 kutoka kwa mama na bilioni 3 kutoka kwa baba. Kila seli inapojigawa, maandishi yote hunakiliwa upya. Mwalimu yeyote aliyewahi kuandikisha imla darasani anajua kitatokea nini.

Herufi hizo husomwa tatu tatu. Nilipokuwa nafundisha nilikuwa naandika ubaoni sentensi ya Kiswahili yenye maneno ya herufi tatu tu: MTU ANA UJI NJE. Ukibadilisha herufi moja, J iwe Z, utasoma MTU ANA UZI NJE. Sentensi ni nzuri, lakini mtu wetu amelala njaa. Ukiondoa neno zima, utabaki na MTU UJI NJE; ni lugha ya mgeni, lakini twamwelewa. Sasa ondoa herufi moja tu, ile T ya mwanzo, kisha uendelee kusoma tatu tatu kama ilivyo kanuni: MUA NAU JIN JE. Neno la kwanza kwa bahati ni muwa wa kutafuna. Yaliyobaki ni vurugu tupu. Kudondoka kwa herufi moja kumeharibu kuliko kudondoka kwa neno zima. Watoto walikuwa wanacheka, lakini walikuwa wameelewa somo ambalo vitabu hulieleza kwa kurasa nyingi. Yako mabadiliko mengine pia: herufi kuongezwa, kipande kugeuzwa kichwa chini, hata ukurasa mzima kuhamia mahali pengine. Mengi hayaleti madhara yoyote.

Wala mtu asijidhanie kuwa nakala safi. Kila mtoto anayezaliwa huja na herufi mpya kama 60 au 70 ambazo hazikuwamo kwa baba wala kwa mama, na kadiri baba anavyokuwa mzee ndivyo zinavyozidi. Tumo wote humo.

Jambo linalonistaajabisha zaidi ni kwamba maandishi hayo yana mafundi wake. Zamani ilidhaniwa kwamba DNA ni kitu kigumu kisichoharibika. Tomas Lindahl wa Sweden alionyesha kuwa huharibika yenyewe kila siku, mahali kwa maelfu katika kila seli, hata mtu akikaa kivulini bila kufanya lolote. Kama ingeachwa hivyo, uhai usingewezekana. Paul Modrich wa Marekani alieleza jinsi seli inavyopitia nakala mpya na kusahihisha herufi zilizokosewa. Aziz Sancar, aliyezaliwa katika mji mdogo wa Savur huko Uturuki kwa wazazi wasiojua kusoma, alieleza jinsi seli inavyotengeneza madhara ya jua. Wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2015.

Hayo madhara ya jua ndiyo yanayotuhusu sisi wa juu ya uwanda huu. Katika mwanga wa jua kuna sehemu isiyoonekana kwa macho, mionzi ya urujuanimno. Ikipenya ngozi na kufikia DNA, herufi mbili za T zilizo jirani hushikamana zenyewe kwa zenyewe, na uzi hufanya kinundu. Mafundi hukitambua kinundu kile, hukata uzi upande huu na upande ule, hutoa kipande cha herufi kama 30, kisha hujaza pengo kwa kuangalia uzi wa pili unasemaje. Ni kama fundi cherehani anayekata sehemu iliyochanika na kutia kiraka cha kitambaa kilekile. Kinundu kisipotengenezwa kabla seli haijajigawa, mnakili hubahatisha, na kosa huwa la kudumu. Makosa ya namna hiyo yakijilimbikiza katika maandishi yanayoiamuru seli isimame, seli husahau kusimama. Hiyo ndiyo saratani ya ngozi.

Sasa rangi nyeusi ya ngozi zetu ni mwavuli. Huizuia mionzi hiyo isifike ndani. Mtu mwenye ualbino amezaliwa bila mwavuli huo. Hapa Tanzania sababu iliyoonekana kwa wengi wao ni kudondoka kwa kipande kimoja cha herufi kama 2,700 katika jeni iitwayo OCA2, jambo lililochapishwa mwaka 1995 baada ya kuchunguzwa kwa Watanzania wenyewe. Kipande kilekile kimekosekana kwa wenye ualbino wa Afrika Kusini, wa Zimbabwe, wa Kameruni, na kwa Wamarekani weusi. Maana yake ni kwamba kilidondoka mara moja, zamani sana, kwa babu au bibi mmoja ambaye jina lake halijulikani, naye hakujua. Tangu hapo kimekuwa kikinakiliwa kwa uaminifu mkubwa.

Naomba msomaji alishike jambo hili: mafundi wa mwenye ualbino hawana kasoro. Wanakata na kushona sawasawa na wa kwangu na wa kwako. Wako watu wengine, wachache mno duniani, ambao mafundi wao ndio wabovu. James Cleaver alilionyesha hilo mwaka 1968 huko San Francisco. Hao wana mwavuli lakini hawana mafundi. Mwenye ualbino ana mafundi hodari lakini hana mwavuli, basi kazi inawazidi. Ni kama mwalimu mzuri aliyepewa darasa la wanafunzi 200. Asiposahihisha madaftari yote, si kwa uvivu.

Na Ufipa yetu inadanganya. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, wakati Ziwa Rukwa kule bondeni liko kama mita 800. Kila ukipanda mita 1,000, mionzi ile huongezeka kwa asilimia 10 hivi. Lakini hapa juu kuna upepo na baridi. Mwezi Julai watu wanavaa makoti saa nne asubuhi. Mtu hasikii joto, hivyo hadhani kuwa jua linamuunguza. Mionzi hiyo haina habari na joto. Mtoto mwenye ualbino anayechunga mbuzi katika baridi ya Ufipa anaungua huku anatetemeka.

Nilipokuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi huku uwandani, katika miaka ya 1990, alikuja ofisini mzazi mmoja. Binti yake mwenye ualbino alikuwa darasa la pili. Alikaa kimya muda mrefu, akizungusha kofia yake mikononi, kisha akasema, "Mwalimu, wewe umesoma. Mimi nataka kujua tu kosa ni la nani." Nilijua anachouliza. Ndugu zake walikuwa wamekwisha kumwambia kwamba mkewe alitoka nje, au alimcheka mtu asiyestahili kuchekwa alipokuwa mjamzito. Mama wa mtoto alikuwa amerudi kwao mara mbili.

Chuoni tulifundishwa kueleza urithi kwa mfano wa mahindi, ya njano na meupe katika gunzi moja. Ni mfano mzuri darasani, lakini niliuogopa. Mkulima yeyote wa Ufipa anajua kwamba punje za rangi ngeni katika gunzi lake zimeletwa na upepo kutoka shamba la jirani, na hilo ndilo hasa ambalo ndugu zake walikuwa wakimnong'oneza! Nikachukua maharage. Nikampa mbili, moja nyekundu na moja nyeupe, nami nikashika mbili kama zake kwa niaba ya mkewe. Nikamwambia kila mzazi hutoa moja tu kwa kila mtoto, bila kuangalia, na nyekundu moja yatosha kumpa mtoto rangi. Tukatoa mara nyingi. Nyekundu na nyeupe. Nyekundu na nyekundu. Nyeupe na nyekundu. Hatimaye zikatoka nyeupe mbili. Alizitazama.

"Kwa hiyo hii moja ni yangu," akasema.

"Ni yako, ndugu yangu."

"Na huyu mwingine ni wa mama yake. Sawa kwa sawa."

"Sawa kwa sawa. Nawe ulipewa na mzazi wako, naye na wake."

Akauliza kama babu yake alifanya jambo gani. Nikamjibu kwamba hakufanya jambo. Alipokea na kupitisha, kama alivyopitisha pua na vidole. Sikuweza kuona kama jibu hilo lilimfariji. Nadhani ni rahisi zaidi kubeba kosa lenye mtu wa kulaumiwa kuliko lisilo na mtu. Wazee wetu waliofua chuma hapa Ufipa, katika matanuru yale marefu ya udongo ambayo mabaki yake bado yanaonekana, walishika miiko mikali, mmojawapo kujitenga na wake zao wakati wa kazi. Chuma kisipotoka, ungeweza kumtafuta aliyevunja mwiko. Siwacheki. Ulimwengu ambao kila hasara ina mhusika ni ulimwengu unaoeleweka. Lakini gharama yake hulipwa na mtu fulani, na aghalabu ni mwanamke au mtoto.

Jina la mji wetu, kama wenyeji wanavyolifafanua, ni amri ya kutupa uchawi: sumba, tupa; wanga, uchawi. Hata hivyo kuanzia mwaka 2006 hivi Tanzania ilianza kusikia habari za watu wenye ualbino kuuawa ili viungo vyao viuzwe kwa wanaotafuta utajiri na vyeo. Zaidi ya watu 70 waliuawa katika miaka hiyo. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta leseni za waganga wa jadi. Haikutosha. Februari 2013, katika mkoa wetu, mtoto wa miaka 10 alishambuliwa akitoka shule, akakatwa mkono. Machi 2015, katika mkoa huuhuu, mwingine mdogo zaidi akakatwa mkono vilevile. Hapo hapahitaji darubini wala kemia kumpata mkosaji. Ana jina, ana mnunuzi, na mara nyingine ana undugu na mtoto.

Naona wauaji hao na wale waliomsengenya mke wa mzazi yule wanakunywa kisima kimoja. Wote wanaamini kwamba herufi iliyokosekana ni ujumbe, kwamba kuna mtu aliyeiandika kwa makusudi, ya laana au ya bahati. Hakuna ujumbe. Damu ya mtu huyo ni damu, mfupa wake ni mfupa.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu kama mimi, hupenda kuniambia kwamba nikisema hakuna mkosaji basi nimemaliza mjadala: ni kazi ya Mungu, tumwachie Mungu. Namheshimu, lakini hapo tunaachana. Mto ukibeba daraja, hakuna aliyekosa, na bado watoto wanapaswa kuvuka kwenda shule. Kijiji kinatoa miti. Mwili wenyewe hufanya hivyo. Fundi wa ndani ya seli haulizi kinundu kimeletwa na nani, hukikata akaziba. Kazi inayomshinda humwangukia nani, ikiwa si sisi wenye mwavuli?

Na hata hilo neno "kosa" lenyewe sina hakika kama linastahili kukaa hapo. Tazama selimundu. Herufi moja tu imebadilika katika maandishi ya damu, GAG ikawa GTG. Mtoto aliyepata nakala mbili anaugua maisha yake yote, na hapa Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya 10,000 wa namna hiyo kila mwaka. Lakini aliyepata nakala moja hukingwa na malaria kali, kama alivyoonyesha Anthony Allison mwaka 1954 kwa uchunguzi wake hapa Afrika Mashariki. Kule chini ziwani, kwenye mbu, herufi hiyo imeokoa watoto. Huku juu kwenye baridi, ilikuwa mzigo mtupu. Herufi ni ileile. Au watazame wafugaji wa Tanzania na Kenya ambao, kwa badiliko la herufi moja lililoelezwa mwaka 2007, hunywa maziwa wakiwa watu wazima bila kuumwa tumbo. Sijasikia mtu akimsikitikia mfugaji kwa kosa hilo la kunakili.

Turudi kwa yule binti. Macho yake yalikuwa na uoni hafifu, kama ilivyo kwa wengi wenye ualbino, basi nilimkalisha mbele kabisa. Hilo halikumuudhi mtu. Ugomvi ulizuka kwa ajili ya shamba la shule. Tulikuwa na ekari kadhaa za mahindi na maharage, na watoto walilima zamu. Niliamua binti yule asilime juani; akae kwenye kivuli cha ghala, ahesabu majembe yanapotoka na yanaporudi na kuyaandika. Aliandika vizuri, kwa herufi kubwa. Lakini wazazi wakanung'unika. Mwanangu anapasua viganja, yule anakaa kivulini na kalamu; huo ni usawa gani, Mwalimu?

Ni swali la haki na lilistahili kujibiwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1985 na madaktari wa Dar es Salaam ulionyesha kwamba ngozi ya mtoto mwenye ualbino hapa kwetu huanza kuonyesha madhara ya jua tangu mwaka wake wa kwanza, na kwamba saratani huwapata wakiwa bado vijana. Siku hizo mafuta ya kujikinga na jua hayakupatikana huku. Leo hutengenezwa hata Moshi, penye kituo cha magonjwa ya ngozi cha KCMC, ingawa kutoka Moshi hadi Sumbawanga ni safari. Sisi tulikuwa na kofia, mikono mirefu na kivuli cha ghala. Saa moja ya jembe kwa mtoto wa kawaida ni jasho. Kwa binti yule ilikuwa kupunguza miaka yake, kidogo kidogo. Kuwapa wote jembe lile lile kungekuwa kuwatoza bei mbili tofauti.

Jambo likafika mkutano wa wazazi. Walikuwapo watu kama 190, wamejaa hadi nje ya darasa. Sikutoa hotuba. Nilikwenda ubaoni nikaandika hesabu. Madaktari wale walikadiria kwamba hapa Tanzania mtu 1 kati ya 1,400 ana ualbino. Ili awe nao lazima apate nakala mbili zenye upungufu, hivyo tunatafuta kipeuo cha pili cha 1,400, ambacho ni kama 37. Nakala 1 katika kila 37. Kila mtu ana nakala mbili, basi karibu mtu 1 kati ya 19 anayo moja, ana rangi yake kamili na hajui. Nikagawa 190 kwa 19. Nikaandika 10, nikapiga mstari chini yake mara mbili kama tulivyofundishwa.

"Humu ndani," nikasema, "wako kama kumi. Sijui ni nani."

Watu wakatazamana. Mzee mmoja akacheka kidogo akanyamaza. Kisha yule mzazi wa maharage akasimama kule nyuma, kofia mkononi.

"Mmoja ni mimi," akasema. "Wa pili ni mke wangu, huyu hapa. Wale wanane watajijua."

Akakaa. Mwenyekiti wa kamati akakohoa, akasoma ajenda iliyofuata, ambayo ilihusu vyoo.